Basi la 1986 lililogeuzwa nyumba: lala chini yake kwanza

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mke wangu tunaishi Ruaka. Watoto wameshajitegemea, na sasa tunataka kuzunguka nchi bila kulipia hoteli: Baringo, Turkana, hadi pwani. Kule Ngong tumeona basi la Isuzu la mwaka 1986. Lilikuwa la shule, sasa limefanywa nyumba. Ndani kunapendeza ajabu: mbao za mvule, kitanda, jiko la gesi, friji, choo, na sola juu ya paa. Mwuzaji anataka milioni 1.9. Makanika anayetengeneza gari langu dogo la Probox aliwasha injini akasema iko sawa. Mke wangu analalamika kwamba choo kinanuka. Mwuzaji anasema ni kwa sababu basi limesimama muda mrefu. Ninunue?

Jibu: Ndugu yangu, bado. Usilipe, na usitoe hata amana ya kumtuliza mwuzaji, mpaka uvae ovaroli ulale chini ya basi hilo. Nimehesabu katika barua yako: umetaja vitu sita vilivyo juu ya sakafu na kimoja tu kilicho chini, yaani injini. Hivyo sita seremala mzuri wa Gikomba na fundi wa umeme wanaweza kukutengenezea upya. Kilicho chini ya sakafu ndicho unachonunua, na hakuna aliyekuonyesha.

Jua kwanza basi hili lilizaliwaje. Probox yako ilitoka kiwandani ikiwa nzima, lakini mabasi yetu ya enzi hizo yalizaliwa mara mbili. Kiwanda kiliunganisha chesisi: reli mbili ndefu za chuma, injini, gia, ekseli na usukani. Isuzu nyingi ziliunganishwa hapa hapa Nairobi na General Motors, kampuni ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Chesisi ikatoka pale ikiwa uchi, ikapelekwa kwa waunda bodi. Hao wakasimamisha mbavu za chuma cha mraba, wakazivika mabati, wakatandika sakafu na kufunga viti. Mimi niliingia kazi hiyo mwaka 1991, kijana wa kushikilia bati wakubwa wakipiga ribiti. Basi lako limezaliwa mara ya tatu, alipokuja mtu wa kuligeuza nyumba. Huyo wa tatu ndiye ninayemwogopa, maana mara nyingi ni fundi hodari wa mbao ambaye hajui chuma kilichomo ukutani kina kazi gani.

Kila ubavu wa basi ni kama pete. Unaanzia sakafuni, unapanda ukutani, unapita darini na kushuka upande wa pili. Pete hizo zikifungwa pamoja ndizo zinazolizuia basi lisijinyonge linapopita kwenye mashimo. Sasa mtu akitaka dirisha la darini anakata upinde. Akitaka dirisha pana jikoni ili mama aone Ziwa Baringo akikaanga samaki, anaondoa nguzo. Huenda aliweka chuma kingine kuzunguka shimo, na huenda hakuweka. Mvule umefunika yote. Mwombe mwuzaji picha za wakati wa ujenzi. Mtu aliyejenga kwa uangalifu hupiga picha nyingi mno, tena hukuchosha nazo. Asiyekuwa na hata moja, mwambie afungue ubao mmoja karibu na kila dirisha jipya na karibu na tundu la darini. Ni skrubu nne tu. Akikataa, umeshapata jibu.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kufungua kitu. Paki gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa barabara au jiwe pana, hayo mengine yote yabaki chini, kisha fungua na kufunga mlango wa abiria, mlango wa choo na droo zote. Vikikwama au kioo kikitoa mlio, bodi inajinyonga. Basi lisilo na kasoro litanung'unika kidogo, na hilo ni sawa, lakini mlango wake utafunga.

Halafu kutu. Mwaka 2012 nilinunua minibasi iliyogeuzwa nyumba kutoka kwa bwana mmoja mpole sana, mimi mwenyewe niliyekuwa nimeunda mabasi miaka zaidi ya ishirini. Nilikagua injini, nikajaribu breki, nikalipa. Wiki ya pili nilikunjua zulia chini ya sinki nikakuta plaiwudi imelainika kama mkate uliolowa chai. Chini yake, ile mikono ya chuma inayotoka kwenye chesisi kubeba sakafu ilikuwa inaachia vipande kwa kidole. Maji yalikuwa yameingia juu, kwenye tundu la skrubu ya paneli ya sola, yakateremka ndani ya ubavu bila kuonekana, yakakaa chini kwa miaka. Nililipasua upande mmoja wote. Tangu siku hiyo kukagua basi naanzia paani, injini baadaye.

Kwa hiyo beba ngazi, tochi, nyundo ndogo, bisibisi bapa na sumaku. Paani, angalia kila mahali palipotobolewa: mguu wa sola, bomba la hewa, tundu la waya. Silikoni iliyopakwa juu ya silikoni nyingine ni dalili kwamba panavuja na mwenyewe anajua. Ukishuka, gonga kwa nyundo kona za kioo cha mbele, ngazi za mlangoni, na ukuta juu ya magurudumu ya nyuma ambako matope hurushwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo. Sumaku itakuambia palipojazwa filla, ule udongo wa kuficha mashimo ya bati, ila ujihadhari: baadhi ya bodi zetu zilivikwa alumini ubavuni, na hapo sumaku haishiki hata kama kila kitu ni kizima. Gonga basi, usitegemee sumaku peke yake. Kisha ingia chini na uchome kwa bisibisi mikono yote ya sakafu, hasa chini ya choo, sinki na tangi la maji. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi inayong'aa, usifurahi. Basi la miaka karibu arobaini halina sababu ya kung'aa tumboni.

Kwenye reli za chesisi tafuta nyufa karibu na mahali springi zinaposhikwa, na tazama kama kuna mtu aliyechomelea kitu kwenye ukingo wa juu au wa chini wa reli. Kuchomelea hapo hudhoofisha chuma, na ufa huanzia papo hapo. Tangi la maji au boksi la betri lifungwe kwa bolti kwenye ubavu wa reli. Nikiona bati la kiraka limechomelewa kuzunguka reli yote kama bandeji, mimi huaga.

Unaweza kusubiri mvua ikusaidie, lakini kama si msimu walipe vijana wa kuosha magari wamwage maji paani dakika ishirini mfululizo huku wewe uko ndani na tochi, kabati zote wazi, godoro limeinuliwa. Mwuzaji wa basi linalovuja hupenda kuuza Januari na Februari.

Injini sasa. Makanika wako hakukosea, ila aliangalia kitu kimoja katika hali moja. Rudi asubuhi na mapema, umwombe mwuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uweke kiganja kwenye injini. Ikiwa na joto, amekuandalia. Dizeli ya umri huo ikiwashwa baridi itatoa moshi mweupe kidogo kisha utakata. Moshi huo ukiendelea, injekta au mgandamizo una shida. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Injini ikishapata moto, fungua kifuniko cha kumiminia oili ikinguruma: mvuke mwepesi ni kawaida, lakini hewa ikipuliza kwa nguvu kama bomba la baiskeli, ringi za pistoni zimekwisha. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, hapo hakuna mjadala.

Watu wengi husahau kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa yetu ni pungufu kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, itakosa pumzi na kutoa moshi mweusi ukiikandamiza mlimani. Usiliogope basi kwa hilo. Tena maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana kifuniko cha rejeta, kitu cha bei ndogo, kina kazi kubwa: kinashikilia shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kikague mpira wake. Lipeleke basi kutoka Uthiru kupanda hadi Limuru, tangi la maji likiwa limejaa na watu wanne ndani, na usiache kutazama geji ya joto. Usijaribu ule mteremko wa Mai Mahiu na breki usizozijua.

Isuzu nyingi za wakati huo zina breki za mafuta zinazosukumwa na hewa. Jaza hewa mpaka geji isimame, zima injini, kanyaga pedali na uishikilie kwa dakika kadhaa. Mkono wa geji ukiendelea kuteremka, kuna mahali panavuja, na utasikia mwenyewe ukitega sikio chini. Endelea kukanyaga na kuachia: king'ora cha hewa pungufu lazima kilie kabla breki hazijaisha. Kwenye mabasi ya kuishi king'ora hicho mara nyingi kimekatwa waya kwa sababu kinasumbua watu asubuhi. Halafu basi la shule lina tabia yake. Halijatembea sana kama basi la abiria la Sacco, lakini limesimama sana. Mpira wa breki, mabomba ya dizeli na tangi hufa kwa kusimama kuliko kwa kazi. Toa kikombe kimoja cha dizeli chini ya tangi uone maji na uchafu.

Tairi zitazame kwa umri, si kwa meno. Kwenye ukuta wa tairi kuna tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Basi la kuishi linaweza kuwa na tairi zenye meno mapya kabisa na umri wa miaka kumi na miwili. Zilizozidi kumi zihesabu kama hazipo, na usikubali tairi iliyovikwa meno upya iwe mbele. Basi lina sita na ya akiba. Ziondoe kwenye bei.

Uzito unanipa wasiwasi kuliko unavyofikiri. Mvule ni mzito. Lita 300 za maji ni kilo 300. Viti viliondolewa, kweli, lakini mzigo wa abiria husambaa sakafu nzima, ilhali jiko, friji na tangi mara nyingi vimepangwa upande mmoja. Simama nyuma ya basi mita kumi uone kama limelala upande. Halafu lipime, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kwenye mizani ya kibinafsi. Ile ya serikali iliyo Mlolongo iko pale kukukamata, si kukushauri. Linganisha na kibao cha kiwanda kilicho karibu na dereva. Tangi kubwa likiwekwa nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, huinua mbele kama mizani ya dukani, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna utakayoipenda hadi siku ya mvua.

Umeme ndipo ninapoona makosa yale yale kila mwaka. Basi lako ni la volti 24, yaani betri mbili za 12 zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine. Taa, redio na pampu ya maji ni vya volti 12. Fundi wa haraka hufanya nini? Anachukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Lakini betri hiyo moja inanyonywa usiku kucha, na asubuhi alteneta inazijaza zote mbili kwa pamoja kana kwamba zinalingana. Moja haijai kamwe, nyingine inajazwa kupita kiasi hadi inachemka. Miezi michache baadaye umekwama Loiyangalani. Pima kila betri peke yake kwa mita baada ya basi kutulia saa kadhaa. Zikitofautiana kwa nusu volti au zaidi, fuata waya uone umekwenda wapi. Inavyotakiwa, nyumba iwe na betri zake yenyewe, au kuwe na kifaa cha kushusha 24 kuwa 12.

Kisha fungua boksi la betri za nyumba. Kila waya mnene unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi, tena karibu kabisa na betri, si mita tatu mbele. Birika la wati 1,000 likitumia inveta ya volti 12, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, linavuta zaidi ya ampea 80. Waya mwembamba utapata moto nyuma ya ubao wa mvule ambako hutaona. Kama ni betri za asidi, boksi liwe na tundu la kutoa hewa nje, maana zikichajiwa hutoa haidrojeni. Jaribu friji usiku mzima kwa betri tu, sola ikiwa imelala. Hapo mwuzaji atapata udhuru mwingi, lakini wewe subiri.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hushuka na kukaa sakafuni kama maji. Kwa hiyo mtungi, uwe wa kilo 6 au wa 13, uwe kwenye kabati linalofunguka nje tu, lililozibwa kabisa upande wa ndani, lenye tundu chini kabisa la kutoa gesi nje ya basi. Ukikuta mtungi chini ya sinki, hesabu gharama ya kuuhamisha. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba. Na jiko la makaa lisiingie humo hata Limuru mwezi wa Julai. Mnajua wenyewe habari za watu wanaokutwa asubuhi.

Karatasi. Tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kurudi Ngong. Ada ni ndogo. Kwa kuwa lilikuwa la shule, angalia kama jina kwenye kitabu cha gari (logbook) ni la mwuzaji au bado ni la shule. Kama ni la shule ya serikali, kuuza mali hiyo kuna utaratibu wake kisheria, na uhamisho lazima uanzishwe na mwenye jina kwenye akaunti yake, kisha wewe uukubali kwenye yako. Mtu wa kati aliyenunua kwa mdomo hawezi kukuhamishia kitu. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye reli na ile ya kitabuni, kwa macho yako. Tena namba ya usajili: mfululizo wa KAA ulianza 1989, kwa hiyo basi lililosajiliwa 1986 linatakiwa kuwa na herufi tatu na tarakimu tatu tu. Kama si hivyo, aeleze.

Kitabu kinasema basi la viti vingapi, na leo lina viti vinne na kitanda. Mabadiliko hayo yanatakiwa kuidhinishwa na NTSA na gari kukaguliwa; kituo cha ukaguzi kiko Likoni Road, Industrial Area. Mwambie mwuzaji amalize hilo yeye, kabla ya mauzo. Kampuni ya bima ikija kugundua kwamba ilikatia bima basi la shule na lililoungua ni nyumba, mtasumbuana. Na leseni yako: daraja B huishia kilo 3,500. Hilo basi limepita hapo kabla hujaweka sufuria.

Milioni 1.9 ni ya basi ambalo limepita yote haya. Mimi ningeanza na thamani ya basi tupu linalotembea, niongeze sehemu ndogo ya gharama ya vyombo vya ndani, kisha nitoe tairi, betri na kila kiraka. Sehemu nzuri ni kwamba vipuri vya Isuzu bado vinapatikana Kirinyaga Road, tofauti na Bedford au Leyland, ambazo zitakupeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza kila mwezi.

Sasa choo. Mwuzaji anaweza kuwa anasema kweli: basi likisimama, maji kwenye kona ya bomba la sinki na bafu hukauka, na harufu ya tangi la maji machafu hupanda. Mimina maji kila bomba, funga milango, rudi baada ya saa mbili. Ikiwa harufu imekwisha, ilikuwa hiyo. Ikiwa ipo bado, lala chini ya choo na tochi uangalie viungo vya tangi la kinyesi na mikono ya chesisi iliyo karibu nayo. Tangi linalotiririsha maji ya chumvi na mkojo juu ya chuma hukila haraka kuliko mvua. Nenda na mama mwenyewe. Yeye ndiye aliyeona kasoro pekee iliyomo kwenye barua yako.